Siku Niliyomfuata Mke Wangu Nyamisati na Dera Lake

Jambo hili watu wa Bungu, kwetu, wanalijua, watu wa Nyamisati wanalijua zaidi, na nasikia hata Mafia limefika kwa sababu siku ile palikuwa na abiria wengi wanasubiri boti ya kuvukia, kwa hiyo sioni faida ya kuendelea kulificha, bora nilisimulie mwenyewe kuliko kulikuta barazani limeongezwa chumvi (ingawa kusema kweli halihitaji chumvi). Mimi Salumu, mtu mzima, baba wa binti aliyekwisha kuolewa, mnunuzi wa samaki na kamba ninayejulikana barabara nzima ya kushuka Nyamisati, nilibebwa mikononi kama bibi harusi mbele ya halaiki, na aliyenibeba ndiye mwanamume pekee ambaye sikutaka anione hata nikipiga chafya.

Kilichoanzisha yote ni tumbo. Utumbo ulijisokota, ndivyo daktari alivyosema, nikapelekwa hospitali nimejikunja kama ndoana, wakanipasua kuanzia juu ya kitovu mpaka chini, wakakata kipande kilichoharibika wakaunganisha kilichobaki, na nilipozinduka nikamwona mke wangu Mwajuma, ambaye mimi namwita Mama Zuhura, amelala sakafuni kando ya kitanda changu, mtandio wake ameukunja ndiyo mto. Daktari alikuwa amesema sitakula chochote mpaka nitoe upepo, maana hiyo ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka, basi Mama Zuhura akausubiri upepo huo kama watu wanavyosubiri mwezi wa Idi, na ulipotoka alimpigia simu mama yake, akampigia na Zuhura huko kwa mumewe, kisha akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu tusiyemjua kabisa, akamwambia kwa furaha, "Alhamdulillahi, mume wangu amejamba."

Nayasema haya ili mjue ni mke wa namna gani niliyekuja kumshuku.

Turudi nyumbani. Niliruhusiwa na masharti yangu: nisinyanyue kitu kizito, nisipande pikipiki, nisiende safari ya barabara mbovu, na nikitaka kukohoa au kucheka nikumbatie mto tumboni ili mshono usivutike. Mama Zuhura akawa ananiogesha kwa maji ya uvuguvugu, ananikausha taratibu kuzunguka kidonda, ananipikia uji mwepesi wa mchele na supu ya samaki iliyochujwa, ananishika kiuno nikienda chooni. Nguo ilikuwa tatizo. Suruali haifungiki, msuli nao fundo lake linakaa palepale kwenye mshono, nikawa nalia kila nikijifunga, mpaka siku moja akafungua kabati akatoa dera lake jeupe lenye maua makubwa ya njano akanivalisha. Nilikataa kwa mdomo, mwili ukakubali. Wenzangu, lile vazi lina raha, halikubani popote, upepo unaingia unatoka, na baada ya muda nikalizoea kiasi cha kusahau kwamba ni la kike. Wageni wakija najifunika shuka, wakiondoka nalikunjua dera langu nakaa zangu.

Sasa mgonjwa wa tumbo haendi Nyamisati kupokea kamba, na nisipokwenda mimi nafasi yangu anaichukua mwingine, wateja wangu wa Kibiti wanazoea mlango wa pili. Mama Zuhura akasema, "Nitakwenda mimi." Nilicheka (na mto tumboni), kwa kuwa tangu tuoane hajawahi kushika kamba ila wa kupika. Nikamfundisha kitandani: usinunue kamba aliyelegea kichwa, weka barafu chini na juu, usionyeshe unawahi. Akawa ananiogesha alfajiri, ananiachia uji kwenye chupa ya chai, anachukua mkoba wake anakwenda kusubiri gari, anarudi jioni ananuka kamba na matope, na kabla hajakaa ananiuliza nimekohoa mara ngapi.

Aliweza. Hapo ndipo kidonda changu kingine kilipoanza. Nilidhani atarudi analia, atanipigia simu kuniuliza kila kitu, badala yake akaanza kurudi na maneno ambayo mimi sikumfundisha, eti kamba wa Mbuchi wiki hii ni wakubwa, eti wauza barafu wa kule wasitufanye wajinga, anaongea huku anakunja kanga kiunoni kama mtu aliyezaliwa gatini. Nilipaswa kushukuru. Nilishukuru, lakini kila aliposema "wateja wangu" nilihisi kama mtu amekalia kiti changu huku mimi nimesimama pembeni namwangalia.

Halafu katika maneno yake likawa linajirudia jina moja, Shamte.

Shamte ana mashua ya mashine, analeta kamba kutoka Mbuchi na visiwa vya ndani huko. Ni mrefu, ana meno yote, na mkewe alifariki zamani kidogo hajaoa tena. Hayo si makosa. Kosa lake ni kwamba zamani, kabla yangu, alipeleka posa kwa kina Mwajuma ikarudishwa, baadaye nikapeleka mimi ikakubaliwa. Miaka yote nimefanya naye biashara tukisalimiana vizuri, kwa sababu nilikuwa mshindi na mshindi hana shida ya kusalimia. Lakini mshindi aliyelala chali na dera la maua, hawezi hata kujigeuza bila msaada, ni mshindi wa namna gani?

"Shamte leo amenipa kamba wazuri," Mama Zuhura anasema huku ananibadilishia bandeji.

"Amekupa au amekuuzia?"

"Ameniuzia, Baba Zuhura. Inua mkono."

Siku nyingine: "Shamte kanisogezea kiti nikapumzika kidogo." Nikawa nampigia simu asubuhi, mchana, alasiri, eti namkumbusha barafu. Asipopokea nanuna, akirudi nageukia ukutani, ananilisha supu nikiwa nimefumba macho ili ajue nimekasirika, naye anadhani mshono unauma ananiongezea dawa.

Ikaja siku rafiki yangu Maliki, mnunuzi mwenzangu, akapita kunijulia hali. Maliki ni mtu mwema asiyejua kunyamaza. Akakaa, akaniombea dua, akala ndizi alizoniletea mwenyewe, kisha akasema, "Shemeji anajitahidi sana kule. Jana nimewakuta yeye na Shamte wanakunywa chai, wanacheka mpaka Shamte anafuta machozi."

"Wanacheka nini?"

"Sasa nitajuaje, Salumu, nilikuwa mbali."

Akaaga akaenda zake. Mimi nikabaki na ile picha ya Shamte anafuta machozi. Kumbukeni mimi kucheka nilikatazwa, ndani ya nyumba yangu mke wangu alikuwa anajizuia hata kunitania ili nisivute mshono, kumbe kicheko chote anakipeleka gatini. Nikachukua simu nikampigia. Ikaita, ikaita, ikapokewa, na sauti iliyosema "haloo" ilikuwa ya mwanamume.

"Nani mwenzangu?" nikauliza, ingawa nilikwisha kumjua.

"Shamte hapa, kaka. Unaendeleaje? Mama Zuhura hayupo karibu, ameloa, amekwenda kubadilisha nguo. Akitoka nimwambie?"

Nikakata.

Niulizeni nilichokusudia. Nilikusudia kutoka tu mpaka kibarazani nipate hewa, wallahi sikuwa na wazo jingine. Nikavaa kofia, nikakumbatia mto wangu, nikajikokota mpaka nje, na pale barabarani nikaona kirikuu ya barafu imesimama. Kirikuu ni kale kagari kadogo ka mizigo, na hii ilikuwa ya Seif, ambaye hupeleka barafu Nyamisati karibu kila siku. Seif alikuwa anafunga turubai. Nikamwambia, "Nisogeze Nyamisati." Akanitazama kuanzia kofia kushuka chini, akafungua mdomo, akaufunga, akanifungulia mlango. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia kitu, akanijibu, "Mzee, nilijua ni mambo ya hospitali, nikaona aibu kuuliza."

Ile barabara wenye kuijua wanaijua. Kila shimo lilikuwa linapita tumboni mwangu kwanza ndipo linafika kwenye tairi, nimekumbatia mto, jasho linanitoka, na kichwani namsemesha Shamte, namwambia hivi, ananijibu hivi, namkata maneno hivi. Tukasimama njiani Seif amshushie mtu barafu kidogo, akapita bibi mmoja na jembe lake, macho yake hayaoni vizuri, akachungulia dirishani, akaona mtu amekaa na maua ya njano ameshika kitu kifuani, akasema kwa huruma, "Pole, mwanangu. Umejifungua salama?"

Ndipo nikajitazama.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu hapa ndipo aibu yangu hasa ilipo. Ningeweza kurudi. Seif mwenyewe aliniambia, "Mzee, nikugeuzie?" Mtu mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nikafikiri, nikirudi, Shamte atabaki kule anachekeshwa na mke wangu mpaka jioni. Nikamwambia Seif, "Twende." Dera nililiona, watu nilijua wamejaa, na bado nikaona wivu wangu ni mkubwa kuliko vyote hivyo.

Tulifika maji yamekupwa. Gatini watu tele, abiria wa Mafia na mabegi yao na ndoo zao, akina mama wa samaki, vijana wanapanga boriti za mikoko. Mashua ya Shamte haikuweza kusogea, ilikuwa imekalia tope mbali kidogo, wamelaza mbao na boriti juu ya matope watu wapite nazo kubeba matenga. Nikashuka kwenye kirikuu. Sitasahau jinsi kelele zilivyopungua, hazikukatika mara moja, zilipungua kuanzia waliokuwa karibu nami kwenda mbali, kama taa zinazozimwa moja moja. Mwanaume mwenye ndevu, kofia kichwani, dera la maua linapepea, mto mkononi, na mto wenyewe foronya yake ina maneno aliyotarizi shangazi yake Mwajuma siku za harusi yetu, Lala Salama Mpenzi, na niliyashika maneno yakielekea nje.

Nikamtafuta mke wangu. Alikuwa amesimama kwenye mashua ya Shamte, na amevaa suruali yangu. Suruali yangu ya kaki ya kazi, imekunjwa mpaka magotini, na shati langu, kanga ameifunga kiunoni, anahesabu matenga yanayoshushwa, na Shamte yuko chini yake kwenye maji ya magoti anapokea.

Abiria mmoja nyuma yangu akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Sasa hapo mume ni yupi?"

Nikaita, "Shamte." Nilitaka itoke sauti nzito. Ilitoka sauti ya mtu aliyepasuliwa tumbo.

Mama Zuhura akainua kichwa. Hakuniuliza nimefuata nini. Alisema neno moja tu, "Simama," na alilisema kwa namna ambayo mtu yeyote angesimama, lakini mimi nilidhani ananizuia nisije kuona kitu, nikazidisha mwendo, nikapanda juu ya ile boriti ya kwanza, ya pili, ya tatu ikazunguka. Mguu ukaenda kwake, kandambili ikaenda kwake, na mimi nikakaa chini. Sikuanguka kwa kishindo, nilikaa tu kwenye tope kama mtu anayekaa mkekani, dera likajaa hewa likanizunguka kama mwavuli, na tumboni nikasikia kitu kinachana, kidogo hivi, kama uzi wa gunia unapokatwa. Mto ukaniponyoka ukaanza kuondoka na maji, maneno yake yakiangalia juu.

Nikajaribu kusimama nikashindwa. Nikatazama pale mshono ulipo, yale maua ya njano yalikuwa yanageuka rangi. Hapo hata wivu uliniacha, nikaogopa kama mtoto.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Shamte. Alitupa tenga, kamba wakamwagika, akaja kwa hatua ndefu ndani ya matope.

"Usiniguse," nikamwambia.

"Haya kaka, basi simama," akanijibu. Akangoja. Sikusimama. Akasema, polepole, bila kejeli yoyote, "Nishike shingo."

Mama Zuhura alikwisha kuruka kutoka kwenye mashua, anakuja huku anamwelekeza, "Mpitishie mkono chini ya magoti. Usimkunje tumbo, Shamte, mwinue kama alivyo." Nami nikamshika shingo. Nilimshika Shamte shingo kwa mikono miwili, uso wangu ukakaa begani kwake, akanibeba kutoka matopeni, akapita nami katikati ya abiria wa Mafia na akina mama wa samaki, na mama mmoja akavua kanga yake ya juu akanifunika miguu, na hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Kunyamaza kwao kulikuwa kubaya zaidi.

Kicheko walikuja kucheka baadaye, na hawajamaliza mpaka leo.

Seif alitupeleka zahanati, Mama Zuhura amenipakata kichwa huku amekandamiza kanga kwenye kidonda. Nesi akafungua, akaosha, akasema mshono wa ndani umeshika, ni wa juu tu umeachia sehemu, tuna bahati. Wakati anashona akaniuliza imekuwaje mgonjwa wa tumbo yuko gatini. Nikasema nilitoka kupunga upepo.

"Nesi," Mama Zuhura akasema, "andika wivu."

Nesi alimtazama, akanitazama, akaendelea kushona, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nyumbani aliniogesha upya, akanitoa matope mpaka kwenye masikio, akanivalisha dera jingine (safari hii la bluu), akanipa supu. Mpaka bakuli lilipoisha ndipo akakaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Haya, uliza."

"Niulize nini?"

"Ulichokipandia gari."

Nikamuuliza. Nilimuuliza kama Shamte amewahi kumwambia neno. Nilikuwa nasubiri aseme hapana ili niombe radhi tuyamalize.

"Ndiyo," akasema. "Wiki ya kwanza. Aliniambia, Mwajuma, mgonjwa wako Mungu akimchukua, mimi bado nipo."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu mbele ya watu wote waliokuwa pale. Nilimwambia mume wangu akifa nitakaa eda, eda ikiisha nitanunua mashua yako, nawe utakuwa baharia wangu, na mshahara nitakukata ukichelewa. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Tangu siku ile ananiita shemeji. Kila akikumbuka anacheka mpaka anatoa machozi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa huwezi hata kukohoa, Baba Zuhura. Ningekuambia ufanye nini?"

"Na simu yako?"

"Nikiingia majini namwachia yeyote aliye pakavu, kwa sababu wewe hupiga kutwa, na isipopokewa unanuna, nami nikirudi nimechoka nakuta umegeukia ukuta." Akaweka bakuli chini. "Nililala sakafuni hospitali. Nimekuosha kila mahali. Leo nilipokuona umekaa kwenye lile tope, damu inatoka, nilijua nimekuwa mjane, na sababu ni kwamba nilikunywa chai."

Hapo alilia. Hakuwa amelia siku ya upasuaji, hakuwa amelia siku yoyote, alikuja kulia siku hiyo kwa ajili ya upuuzi wangu, na mimi sikuweza hata kuinuka kumshika bega, nilinyoosha mkono nikaishia kwenye mkunjo wa suruali yangu aliyokuwa bado ameivaa, nikaushikilia huo.

Nilipona, kwa kuchelewa. Shamte alikuja kunitazama, akakaa kwenye kiti kile kile alichokalia Maliki, tukaongea habari za kamba na bei ya mafuta, na alipoaga nikamwambia asante, neno lilikuwa fupi lakini lilinitoa jasho kuliko ile barabara. Sasa hivi biashara tunaifanya wawili, mimi na Mama Zuhura. Mimi nashughulika na Kibiti na wateja, yeye ndiye wa gatini, maana tulikubaliana, na ukweli ni kwamba kamba wa Nyamisati wanamsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi.

Msidhani wivu umeisha. Upo. Akisema anakwenda Mbuchi na mashua ya Shamte naanza kuusikia unapanda taratibu kuanzia pale penye kovu. Nilichojiapia ni kimoja tu, kwamba sitaufuata tena unakotaka kunipeleka, nitakaa nao hapa hapa Bungu mpaka mwenyewe arudi nimuulize kwa mdomo. Basi akirudi namuuliza, "Shamte kasema nini leo?" Naye ananijibu yote, bila kuficha wala kufupisha, Shamte kasema mashine inavuja mafuta, Shamte kasema jino linamuuma upande wa kushoto, Shamte kasema mpwa wake kaoa huko Mbwera wali haukuiva, anaendelea na Shamte huyo mpaka chakula kinapoa, mpaka macho yananifumba, mpaka mimi mwenyewe namshika mkono namwambia basi, Mama Zuhura, inatosha, tulale.